Bustani Niliyoijaza Mwenyewe

Ninatunza mtandaoni orodha ya barabara fupi za jimbo, ingawa hata gari siendeshi. Barabara moja haikuandikwa inaishia wapi. Sivumilii nafasi tupu, kwa hiyo nilipoona kijani kwenye ramani nikajaza: bustani.

Jumamosi, hapa jijini Columbus, msafara wa arusi ya dada yangu ulitaka mahali pa picha kabla ya giza. Nikawaelekeza huko kwa kujiamini. Tulifika kwa honi na vigelegele mbele ya lango la gereza.

“Mtandao umetudanganya,” nikasema haraka.

“Bon, haya, tuone huyo mwongo,” mjomba akasema, akifungua ukurasa kwenye simu. Akasoma kwa sauti jina la mwandishi: langu, hadi lile la ubatizo.

Nyuma ya seng'enge, jua lilikuwa linazama.