Nilivyowapima kwa Masikio

Nawasimulia mwenyewe kabla hamjasikia kwa watu. Viwanda binafsi vya samaki vilipoanza kufunguliwa Musoma, nilikuwaga msimamizi wa wapiga chapa kwenye kimojawapo. Kompyuta ikaja, moja tu. Meneja akaniambia nisimamie usaili wa mtu wa kuiandikia programu ya kujumlisha kilo za sangara.

Wapiga chapa nilikuwa nawapimaga kwa masikio. Nawapa mgongo, nasikiliza vidole. Na hawa wa programu nikawapima vilevile.

Bwana mmoja wa Bunda alipiga kama mvua juu ya bati. Nikampa mia. Nyasatu, binti wa Kiriba, aligonga mara mbili, akanyamaza, akagonga tena. Nikampa sifuri.

Meneja akafungua kazi zao. Bwana wa Bunda alikuwa ameandika barua yake ya maombi, ileile, mara nne. Kwenye kazi ya Nyasatu meneja akaingiza kilo, jumla ikatoka palepale.

"Mzee Magoti, huyu umemwandikia nini?"

Nikaikalia karatasi ya alama. Akaniinua, akaichukua, akasoma kwa sauti, mlango wazi, Nyasatu kakaa benchi la nje:

"Vidole vizito. Akalime."