Fundi wa Igoma aliyemjengea mkewe kanisa la masikioni

Saa mbili asubuhi, Nestory Chenge ameshainamia meza ya ufundi kibandani kwake pale Igoma, chuma cha kulehemu mkononi, miwani imemshuka hadi puani. Redio tatu za wateja zinasubiri, na leo zitasubiri sana. Fundi anamalizia kisanduku kidogo kama kipande cha sabuni.

Ni amplifaya ya hedifoni. Kwa kawaida hedifoni huujaza muziki katikati ya kichwa. Ukiupitisha humu, unausikia mbele yako, kana kwamba wapigaji mko nao chumba kimoja. Sauti ya kushoto huchepushwa kidogo kwenda sikio la kulia, ikiwa imechelewa na kufifia, na ya kulia vivyo hivyo.

"Chumbani hakuna sikio linalosikia peke yake," anasema.

Kwa mwezi huuza viwili, vitatu. Cha kwanza kabisa alimtengenezea mkewe, Dorotea, aliyeimba sauti ya pili katika kwaya ya kanisa kwa miaka ishirini.

Mwaka juzi Dorotea aliteleza, akavunjika nyonga. Nyumba yao iko juu ya mawe, na kushuka ni lazima abebwe. Akakataa katakata kubebwa mbele za watu. Kwenda kanisani kukakoma, na kuimba nako kukakoma.

"Alikuwa anaimba hata akifua. Nyumba ikanyamaza, nikawa naogopa kurudi," anasema Nestory, macho yamemlowa.

Jumapili moja alikaa benchi la mbele, akairekodi kwaya, akampelekea mkewe pamoja na kisanduku. Alitarajia machozi ya furaha. Akaambulia guno.

"Baba Evelina, umenikalisha na waumini," Dorotea alimwambia. "Mimi nasimama mstari wa pili! Sauti ya kwanza iko kushoto kwangu, besi wananiungurumia mgongoni. Hawa wako wananitazama usoni."

Masikini fundi wetu, hilo hakuwahi kuliwaza; maisha yake yote kanisani amekaa upande wa mabenchi. Jumamosi iliyopita akaenda mazoezini na maikrofoni mbili, azisimamishe pale mkewe alipozoea kusimama. Mwalimu wa kwaya, Bernadeta, hakuhitaji kumwonyesha mahali. Mstari wa pili ulikuwa na pengo. Muda wote ule waimbaji hawakuwa wamesogeleana kuliziba.

Jioni Dorotea akavaa hedifoni. Ubeti wa kwanza alifumba macho. Wa pili, mkono ukaanza kupiga mapigo gotini. Wa tatu akaimba, sauti ikikwaruza, lakini kila alipotakiwa kuingia, aliingia. Nestory akatoka nje akalia, na wala haoni haya kulisema.

Aliporudi, hedifoni zilikuwa mezani.

"Umeweza, baba," Dorotea alimwambia. "Ila mimi nawasikia, wao hawanisikii. Waambie wale wa besi waje wanibebe Jumapili ya wiki ijayo."

Jumapili hiyo ni kesho. Nestory anasema maikrofoni zitabaki kibandani.

"Nitaenda na masikio yangu tu."