Pua ya Fundi Mughwai

Zamani za Mwingereza magari pale Mtinko yalikuwa machache, watu wakiyatambua kwa ngurumo kabla hayajaonekana, na fundi wa kuyatengeneza alikuwa mmoja tu. Jina lake Mughwai, mzaliwa wa Mgori, aliyetoka kwao mchunga ng'ombe, akaenda vita vya Burma, akarudi fundi wa magari.

Sifa yake yote ilikuwa puani. Dereva alileta gari, Mughwai akachomoa kipimo cha oili, akakipitisha puani mara moja, akasema, "Humu mna petroli." Na kweli, akifungua pampu ya petroli angekuta kiwambo chake cha mpira kimechanika, petroli inavujia ndani ya injini na kuizimua oili. Oili iliyozimuliwa hailindi kitu. Vyuma husagana humo ndani mpaka injini inakufa. Madereva mpaka wa kutoka Mkiwa walimwita Mzee Pua, naye, sitamfichia, alilipenda jina hilo kuliko lile alilopewa na baba yake.

Mwaka wa hamsini na moja hendeli ya kuwashia lori ilimrudi ikampiga katikati ya uso. Uvimbe ulikwisha baada ya wiki mbili, na uso ukarudi ulivyokuwa. Siku moja alikuwa jikoni anachonga mpini wa jembe, maharage yakaungua hatua mbili kutoka alipokaa, yeye anachonga tu. Mkewe Raheli aliingia anakohoa moshi, akatazama chungu, akamtazama yeye.

"Baba Marietha, husikii harufu?"

Mughwai alitikisa kichwa. Kisha akalia, mzee mzima, kwa sababu alijua mara moja alichokipoteza.

Mimi na wewe pengine tungewaambia wateja ukweli. Nasema pengine. Mughwai hakuthubutu, na Raheli, aliyempenda, ndiye aliyempatia njia. "Uwe unaniletea mimi," alisema. "Pua yangu nzima."

Tangu hapo, dereva akitaka oili inuswe, Mughwai alichovya kitambaa safi, akaeleza kwamba uwanja wake umejaa harufu ya mapipa, hivyo anakwenda kunusia ndani penye hewa nzuri. Madereva waliuona huo ni utaalamu mkubwa. Ndani, Raheli aliacha alilokuwa akilifanya, akajifuta mikono kwenye kanga, akafumba macho na kunusa. "Safi," angesema. Au, "Imo." Kwa miaka mitatu hakukosea hata mara moja. Binti yao wa pekee, Marietha, alikuwa ameolewa mbali huko Mkalama, nyumba imepooza, na kazi hiyo ya siri iliwarudishia maongezi. Walikuwa wakicheka peke yao kama vijana.

Januari moja, mvua zimekolea, alikuja Anselm. Alikuwa kijana mpole, akiendesha pikapu ya tajiri mmoja wa ngozi.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Gari lina nini?"

"Pengine halina kitu. Naona kama oili inanuka petroli, ila nimetoka kujaza tangi sasa hivi na mikono yote inanuka. Siiamini pua yangu. Nimeona bora uninusie wewe." Akashusha sauti. "Mke wangu Selina siku zake zimekaribia. Mimba ya kwanza nusura tumpoteze, na mkunga amesema safari hii akajifungulie hospitali ya mjini. Tajiri ameniruhusu nimpeleke na gari hili. Nataka niwe na hakika nalo."

Mughwai alichomoa kipimo. Oili ilikuwa imepita alama ya juu kwa upana wa kidole.

"Umeongeza?"

"Sijaongeza tangu gulio la mwezi uliopita."

Akaisugua kati ya vidole. Ilikuwa nyepesi, haishiki. Hapo palitosha. Oili haipandi yenyewe. Ikipanda, kuna kitu kinaingia, na kuifungua pampu ni kazi ya saa moja. Macho yake yalijua, vidole vyake vilijua. Lakini dereva alikuwa amekuja kutafuta pua, na Mughwai kwa miaka mitatu alikuwa amejizoeza kutoamini kitu kingine. Alichovya kitambaa, akaingia ndani.

Raheli alikuwa ameshinda siku nne kwenye palizi, mvua ikimnyeshea. Asubuhi ile Mughwai alimsikia akipiga chafya, akamwambia pole, akasahau. Sasa alimkuta kajifunga kanga mpaka masikioni. Alikishika kitambaa muda mrefu kuliko kawaida.

"Safi," akasema.

Mughwai akashusha pumzi. Alirudi nje akamwambia Anselm, "Oili yako safi kabisa. Labda tajiri wako aliongeza bila kukuambia." Anselm alicheka kwa nafuu aliyoipata, akamshika mkono kwa mikono yake miwili.

Siku ya tatu uchungu ulimshika Selina alfajiri. Jua halijapanda sana walikuwa njiani, Selina amelala juu ya magodoro nyuma ya pikapu, mama yake amempakata kichwa. Nusu ya njia, kwenye kilima cha mawe, injini ikaanza kugonga. Iligonga dakika chache, ikanoki, na hendeli haikuweza kuizungusha tena. Siku ile hakupita gari jingine. Watu wa mashamba ya karibu walitengeneza machela ya miti na blanketi, wakambeba Selina kwa zamu kwenye tope. Alikata roho mchana kabla hawajaliona bati la kwanza la mji, na mtoto alikwenda naye.

Mughwai alipeleka ng'ombe wa kulimia wakalikokota gari mpaka uwanjani kwake. Alilala chini yake, akafungua nati ya kumwagia oili, ikatoka mbio kama maji ya mvua. Akafungua pampu. Kiwambo kilikuwa na ufa mdogo usiozidi ukucha. Alikaa chini akiwa nacho kiganjani, akatamani Burma ingemmaliza.

Alipoingia ndani mikono inachuruzika, Raheli, ambaye mafua yalikuwa yamekwisha, aligeuka kabla hajaambiwa neno.

"Umemwagikiwa petroli?"

"Hii ni oili ya Anselm."

Raheli alikaa kwenye kigoda. "Siku ile sikusikia kitu," alisema. "Nilikuwa nimeziba. Nikakuona umesimama pale mlangoni unaningoja, nikaona aibu kukurudisha mikono mitupu. Mengi yanakuwaga safi. Nikasema safi." Halafu akasema, "Akija, mwambie ni mimi."

"Kipimo nilikiona mwenyewe, mama Marietha. Oili niliishika kwa mkono wangu."

Anselm alikuja matanga yalipokwisha. Wote wawili walimwona kutoka mbali akitembea kwa miguu, na Raheli akasogea karibu na mumewe. Lakini hakuja kwa ugomvi. Aliamkia, akapokea kigoda, akakaa akitazama viatu vyake.

"Nimekuja kukushukuru kwa kulikokota gari," alisema. "Na kukuaga. Tajiri amesema nililipiga mbio mpaka likafa, naye hakukosea. Selina alikuwa analia, fundi. Kila akilia mimi nakanyaga. Ningekwenda polepole tungefika. Mguu wangu huu ndio uliomwua, na sitaukanyagisha gari tena."

Mughwai hakuwa na haja ya kusema neno. Nataka hilo lieleweke. Kijana alikuwa amejibebesha mzigo wote mwenyewe, na angeondoka nao mpaka kaburini akiendelea kumwita Mzee Pua kwa heshima. Raheli alifungua mdomo. Mughwai akamzuia kwa mkono.

"Mguu wako hauna kosa, mwanangu. Petroli ilikuwa imeingia kwenye oili. Gari lile lingekufa hata ungelipeleka polepole. Pua yangu ilikufa mwaka wa hamsini na moja. Sisikii harufu yoyote. Nimekuwa nikiwaficha ninyi nyote, na siku ile niliona dalili nyingine kwa macho yangu, nikaziacha, ili nisionekane sina pua."

Nje mteja mmoja aliita hodi, akaita tena, akachoka akaenda zake. Raheli alikuwa analia bila kujificha.

"Mimi nilisikia," Anselm akasema mwishowe, taratibu, mtu anayekumbuka jambo dogo. "Asubuhi ile, kabla sijaja kwako. Niliisikia petroli vizuri kabisa. Wewe ndiye uliyeniambia sikusikia."