Mstari wa Mwisho ni wa Mbuzi

Saa kumi na mbili asubuhi, Wakonyo Githae ameinama kando ya mfereji wa Burat, anachota maji kwa kopo na kumwagilia sukuma wiki, mstari kwa mstari. Akifika mstari wa mwisho, ule ulio karibu na ua wa miiba, anaongeza kopo la pili. Huo hauchumi, hata wateja wambembeleze vipi.

"Huo si wangu," anasema akipangusa mikono kwenye leso. "Huo uko na mwenyewe, na ana miguu minne."

Mama huyu wa miaka hamsini na miwili amelima hapa tangu 1971. Kusoma hajui. Injili huipata Alhamisi, jumuiya yao ya Kikatoliki ya mtaa wa Chechelesi inapokutana nyumbani kwa mmoja wao kusikiliza somo la Jumapili ijayo. Kila mtu hutaja neno lililomgusa, kisha huenda nalo nyumbani. Wengine huliacha mlangoni, lakini Wakonyo hushinda nalo shambani wiki nzima.

Mwaka jana, 1984, neno moja lilimtoa jasho.

Ukame ulikuwa umekausha mfereji, naye akibeba madebe kumi na mawili ya maji kila siku kutoka mtoni. Asubuhi moja akamkuta mbuzi wa Qabale, jirani yake wa Chechelesi, akitafuna mboga. Akarusha jiwe. Mguu wa mbuzi ukavunjika.

Qabale, aliyemletea maziwa kila asubuhi kwa miaka minane, alimbeba mbuzi wake begani, akaenda zake. Maziwa yakakoma, na salamu pia.

"Nilijiambia mkosaji ni mbuzi," anasema Wakonyo. "Lakini kila nikinywa chai ya rangi, nilikuwa namkumbuka mama huyo."

Miezi miwili baadaye, somo la Alhamisi likawa lile la mtu anayepeleka sadaka, akakumbuka kuna mtu mwenye kinyongo naye, akaiacha akapatane naye kwanza. Siku hiyo Wakonyo hakutaja neno lolote.

Jumapili ilikuwa zamu ya jumuiya yake kupeleka matoleo. Yeye ndiye aliyetangulia, na kikapu cha sukuma.

"Karibu na altare, nikakumbuka mguu wa yule mbuzi. Nikaweka kikapu chini, nikatoka."

Waimbaji walirudia wimbo mara tatu wakidhani ameugua. Kumbe yuko nyuma ya kanisa, kwa Qabale, anapiga hodi.

"Mama Guyo, nilivunja mguu ya mbuzi yako kwa hasira. Nisamehe."

Qabale alimvutia kigoda. "Leo si siku ya kanisa yenu?"

"Ndiyo. Wananingoja."

"Basi wangoje. Mungu yako iko na haraka gani? Kaa, kunywa chai."

Wakonyo alijua vizuri kwamba akinywa chai saa hiyo, Komunyo hatapokea, kwa sababu hupokewa baada ya kufunga kula na kunywa kwa saa nzima. Akatazama kikombe. Chai ilikuwa na maziwa. Akanywa, akaomba kingine.

Aliporudi, kikapu kilikuwa palepale. Padri alikuwa amekataza kisiguswe. Akakifikisha altareni. Wenzake walipojipanga kupokea, yeye alibaki kwenye benchi akilia.

"Walifikiri nalilia Komunyo," anasema. "Nilikuwa nimeshiba."

Mbuzi yule sasa anachechemea, na ana mimba. Alhamisi hii jumuiya inakutana kwa Wakonyo, na Qabale ameahidi kuleta maziwa ya chai yeye mwenyewe.

"Kikombe ya kwanza ni yake," anasema Wakonyo akiinua kopo. "Hao wengine wangoje."