Krimu au Kijivu

Nyumba ya Ashiru pale Makote ilikaa na plasta tupu miaka nenda miaka rudi. Kila msimu wa korosho alisema safari hii anapaka rangi, na kila msimu ukipita sisi majirani tulimtania kwamba kuta zake zimezeeka kabla ya kuvaa nguo. Ni mtu mpole, lakini kwa kuahirisha mambo hana mpinzani.

Mwaka huu hakuna aliyemtania. Mkewe, Mama Furaha, alirudi kutoka hospitali akiwa ameambiwa kwamba presha ya macho imeshamharibu macho. Nuru kidogo iliyobaki nayo itaondoka, dawa zinaichelewesha tu. Wiki hiyohiyo Ashiru akamwita Anselmo, fundi rangi, ili mkewe aione sebule yake imekamilika angalau mara moja. Niliumia kumwona mtu yule akiharakisha.

Anselmo akapaka viraka viwili ukutani, kimoja krimu, kingine kijivu kilichopauka. Ashiru akachagua kijivu, maana vumbi letu jekundu halina adabu na krimu haifichi kitu. Nami nikamuunga mkono. Maji ya kufuta kuta tunayapata kwa taabu huku juu.

Mama Furaha alikuwa ameketi mkekani, akitusikiliza. Kisha akasema, "Baba Furaha, hebu simama hapo kwenye kijivu."

Ashiru akasimama. Ilikuwa Ijumaa, ametoka msikitini, kanzu yake nyeupe bado mwilini.

"Kanzu naiona," mkewe akasema. "Uso siuoni. Sogea kwenye krimu."

Akasogea. Mama Furaha akainua shingo, akakodoa macho, na sisi sote tukasubiri.

"Kanzu imepotea. Ila uso upo. Nauona, na upara wako nauona." Akacheka kidogo. "Anselmo mwanangu, paka krimu."

"Sawa, mama," akaitika Anselmo.

"Itachafuka hiyo," nikaropoka. Mdomo wangu hauna breki.

"Ichafuke, Mama Oliva. Hilo vumbi mimi nitakuwa silioni."

Nilitamani ardhi inimeze. Ashiru aligeukia dirishani, akajifuta uso kwa mkono wa kanzu.

Rangi ilipokauka alihamishia kiti chake mbele ya ukuta ule, akawa hakai pengine. Akitoka shambani, hata kabla ya kunywa maji, anaketi pale kwanza, mkewe amtazame.

Juzi nilikwenda kwao kuazima kinu. Nilipofika kizingitini nilimsikia Mama Furaha akizungumza. Alikuwa mkekani, uso ameuelekeza ukutani.

"Leo umenyamaza sana, Baba Furaha," alikuwa anasema. "Umenuna? Usinifiche, nakuona."

Kiti kilikuwa kitupu. Nikageuka, nikamkuta Ashiru nyuma yangu, jembe begani, ndiyo kwanza anatoka kwenye mikorosho. Alikuwa amesikia yote. Nikafungua mdomo, naye akaweka kidole midomoni mwake kuniashiria ninyamaze.

Akaliegemeza jembe mlangoni bila kelele. Akavua kandambili, akapita pembeni ya mkeka kwa kunyata, akaketi kwenye kiti chake mbele ya ukuta wa krimu.

"Sijanuna, mke wangu," akamjibu. "Nipo hapa."