Gambuti Zangu Uwanjani

Mdomo wangu siku moja utanimaliza. Nilimwambia baba mkwe kwamba mimi ndege nimeshazizoea, ati Nairobi napanda kama baiskeli.

Jumapili akanipeleka kwenye kiwanja kidogo cha ndege kule katikati ya majani chai, ambako rubani mmoja alikuwa akizungusha watu angani. Mzee akakataa kupanda, akabaki kuniangalia. Mlangoni mwa ndege nikaona zulia safi, na gambuti zangu zilikuwa zimejaa matope. Nikazivua nje, kama mtu mwenye adabu.

Huko juu nilipunga mkono kama waziri. Tuliposhuka, mzee alikuwa amesimama kwenye nyasi, gambuti mkononi, watu wamemzunguka.

"Kijana yangu," akauliza, "na kule Nairobi, viatu huwa unaachia nani?"