Salamu Kabla ya Ufunguo

Kwetu Waorma salamu haifanywi juu juu. Utaulizwa umeamkaje, watoto wameamkaje, ng'ombe, ndama, malisho, maji, na kila jibu hungojwa. Wageni wanaoshuka Garsen huona tunapoteza muda. Mume wangu ameifanya salamu hiyo kuwa breki yake.

Yeye hubeba mbuzi kwa pikapu kutoka Garsen hadi Malindi. Pia ana baipola, ugonjwa wa akili unaompandisha hadi ajione hashindwi na kitu, kisha unamshusha hadi asitake hata kuoga. Daktari alimwambia anaweza kuendesha akiwa ametulia na anameza dawa zake. Lakini ugonjwa ukianza kumpandisha, yeye ndiye wa mwisho kujua. Basi akanikabidhi ufunguo. "Kila asubuhi nisalimie salamu nzima. Nikiruka jibu, usinipe."

Wazo lilikuwa lake. Mimi ningeuficha tu kwenye unga, tugombane mpaka jioni.

Nauza chai pembeni mwa soko la mifugo, na gari hulala hapo hapo. Siku moja ya soko mbuzi walikuwa wameshapakiwa, mume wangu akaja akiimba, macho yanametameta. Nikaanza.

"Umeamka salama?"

"Salama."

"Watoto wameamka salama?"

"Salama, ng'ombe salama, mvua salama! Mama watoto, leo nafika Malindi kabla chai yako haijachemka. Lete!"

Nikafumba kiganja.

Mwenye mbuzi akacheka. "Shemeji, mbuzi wanachoka na jua. Mwanamume gani huyu, anaomba ufunguo kwa bibi yake?"

Watu wakageuka. Mishipa ya shingo ya mume wangu ilimsimama, na mimi niliogopa, nasema kweli. Angetaka angeninyang'anya. Na tukimpoteza tajiri yule tungewapoteza na wenzake, kwa maana soko la Garsen halina siri.

"Nisalimie tena," akasema.

Nikaanza upya, polepole. Alipofika kwenye ndama, alisikia mwenyewe jinsi ulimi ulivyokuwa ukimkimbia. Kisha akamgeukia mwenye mbuzi. "Leo mimi ni mgonjwa. Siendeshi. Nakuitia dereva mwingine."

Akampigia simu mpinzani wake mkubwa wa kazi. Jamaa alipofika, mume wangu alimsaidia kukaza wavu juu ya mbuzi.

Barabara ya Malindi imejaa wanaume wanaojua kukanyaga mafuta. Wa kukiacha kiti cha dereva mwenyewe, huku soko zima likimtazama, nimemjua mmoja tu, na ndiye aliyenioa. Nilitaka kupiga vigelegele. Badala yake nikammiminia chai, sukari nyingi, tukaenda hospitali.

Dawa zilirekebishwa. Akakaa nyumbani, akinuna na kunisaidia kukuna nazi vibaya, hadi daktari aliporidhika.

Asubuhi aliyorudi kazini, tajiri yule yule alikuwa na mzigo. Mume wangu alikuja kibandani taratibu, kanzu imepigwa pasi, uso umetulia. Nilijawa na furaha hata mkono ukatangulia, nikamnyooshea ufunguo.

Hakuupokea. Alibaki amesimama mbele yangu, mikono nyuma.

"Shemeji," mwenye mbuzi akaita kutoka kwenye gari, "bado hujamsalimia."